Kukuri ya Nepali: namna ya kujua kisu hicho kilitoka wapi na kina umri gani

Tarehe 5 mwezi wa 12 mwaka 1961, kwenye njia inayotoka mji wa Élisabethville, leo Lubumbashi, kwenda uwanja wa ndege, jandarmeri ya Katanga ilikuwa imefunga barabara. Askari 16 wa jeshi la India, waliokuwa Kongo chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, walipewa kazi ya kuifungua. Mkubwa wao alikuwa kapteni Gurbachan Singh Salaria, kijana wa miaka 26, wa batalioni ya tatu ya kikosi cha kwanza cha Gorkha. Taarifa ya India inasema mbele yao kulikuwa na watu kama 90 na magari mawili ya deraya. Walipiga magari yale kwa roketi, kisha wakaingia kwa singe, mabomu ya mkono na visu vilivyopinda. Salaria alipigwa risasi ya shingo akafa. India ilimpa Param Vir Chakra, nishani yake ya juu kabisa ya ushujaa.

Taarifa hiyo hiyo inasema wajandarmeri 40 waliuawa. Wao hawana nishani wala majina katika maandishi yale. Ni hesabu tu. Siku zile zile, pembeni ya mji, makumi ya maelfu ya Waluba waliokimbia makwao walikuwa wamejazana katika kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo kisu kilichopinda kiliingia katika historia ya Katanga katikati ya vita na ukimbizi, na watu wa pande zote mbili walikiona.

Kisu chenyewe ni kukuri. Wanepali huandika khukuri. Leo kikionekana kwenye meza ya mchuuzi, au ndani ya sanduku la mzee aliyefariki, ni rahisi sana kukivisha hadithi: hiki kilipigana Katanga, hiki ni cha miaka 200, hiki kilikuwa cha mfalme. Kwa familia iliyohama ikiwa na mzigo mmoja kichwani, kitu kama hicho kinaweza kuwa urithi pekee uliobaki, na pia kinaweza kuwa kitu cha kwanza kuuzwa siku unga ukiisha. Mnunuzi anayejua atanyamaza na kulipa kidogo. Muuzaji asiyejua atauza kitu cha thamani kwa bei ya panga, au atakataa pesa nzuri kwa ajili ya kisu kilichotengenezwa juzi kwa watalii. Bahati nzuri ni kwamba kukuri, tofauti na visu vingi, inaweza kusomwa.

Kwanza ni vizuri kujua ni kitu gani. Kukuri ya kawaida ina urefu wa kama sentimita 40 pamoja na mpini. Bapa lake linapinda kuelekea upande wa makali, linapanuka karibu na ncha, na uzito wote unakaa mbele, hivyo kinakata kama panga na kupasua kama shoka dogo. Kule milimani mkulima hukitumia kukata kuni, kusafisha kichaka, kuchinja, hata kumenya mboga. Katika sikukuu kubwa ya Dashain mbuzi hukatwa kwacho kwa pigo moja. Yule askari wa Gorkha anayejulikana dunia nzima ni mmoja tu kati ya mamilioni ya watu walio na kisu hiki nyumbani. Wako wanaosema kwamba kukuri ikichomolewa lazima imwage damu kabla ya kurudi alani. Huo ni uzushi. Mkulima anayekata kuni kila asubuhi angekuwa amejimaliza zamani.

Kuhusu asili yake kuna maneno mengi. Wengine husema jeshi la Alexander Mkuu liliacha kisu cha Kigiriki cha kopis lilipofika India mwaka 326 kabla ya Kristo, na kukuri ikazaliwa humo. Visu hivyo viwili vinafanana, lakini kufanana si ukoo. Jembe la Wachina na jembe la Washi vinafanana pia. Katika Makumbusho ya Taifa ya Kathmandu kuna kukuri inayonasibishwa na Drabya Shah, aliyetwaa Gorkha mwaka 1559. Gorkha ni mji wa milimani, na ufalme wake ndio uliokuja kuunganisha Nepali. Waingereza walikutana na kisu hiki kwa uchungu katika vita vya 1814 hadi 1816. Wakavutiwa na waliokishika, wakaanza kuwaandikisha katika jeshi lao hata kabla vita havijaisha. India ilipopata uhuru mwaka 1947, vikosi 10 vya Gorkha viligawanywa: 6 vikabaki India, 4 vikaenda Uingereza. Ndiyo maana Wanepali walipigana Katanga mwaka 1961 wakiwa askari wa India, chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa.

Sasa kisu mkononi. Watu wengi huanza na bapa kwa sababu linang'aa. Ni afadhali kuanza na mpini, na hasa na msuka, yaani kile kipande cha chuma kinachoingia ndani ya mpini. Hapo ndipo mhunzi hujitambulisha.

Katika kukuri za zamani za vijijini msuka ni mwembamba kama mkia wa panya. Unaingizwa ndani ya mpini wa mti au wa pembe ya nyati na kushikwa na ulimbo wa miti unaoitwa laha, uliochemshwa na kumiminwa humo. Nyingine zina msuka unaopita mpini mzima na kugongwa mwishoni juu ya kipande kidogo cha chuma au shaba ya manjano. Halafu kuna aina ya tatu: msuka mpana, bapa, wenye umbo la mpini wenyewe, unaoonekana kwa pembeni kama nyama ndani ya mkate, na vipande viwili vya mti vimefungwa juu yake kwa ribiti. Aina hii ya tatu ilienea kupitia jeshi la Waingereza kule India, hasa wakati wa vita ya kwanza ya dunia. Mtu akileta kukuri yenye ribiti mbili au tatu na kusema ni ya mwaka 1820, msuka wake umeshamkanusha.

Umbo la mpini nalo husema. Mipini ya zamani sana ni midogo, laini, imepinda kidogo, na mtu wa mikono mikubwa ataona haimtoshi. Ile pete iliyochongwa katikati ya mpini, ambayo leo wengi huiona kuwa alama ya kukuri ya kweli, ilienea baadaye. Bapa la zamani pia mara nyingi ni jembamba na refu kuliko haya ya leo yenye tumbo pana.

Karibu na mpini, kwenye makali, kuna pengo dogo lenye jino katikati. Wanepali huliita kaudi au cho. Hapa ndipo hadithi hujaa: ni kwato ya ng'ombe, ni mkuki wa Shiva, ni la kuzuia damu isifike mkononi. Kila mzee ana lake. Kwa kupima umri pengo hilo halisaidii sana, maana karibu kukuri zote zinalo, za jana na za karne zilizopita.

Baada ya msuka, tafuta maandishi, na hapo kazi inanoga. Kisu cha jeshi la Waingereza au la India ya kikoloni huwa na chapa zilizogongwa kwenye chuma: kishale kipana, ambacho ni alama ya mali ya serikali, mara nyingi pamoja na herufi I ya India, herufi za kiwanda, na mwaka. Ukiona 1916 au 1917 pamoja na kishale, na msuka ni mpana wenye ribiti, maneno yanakubaliana. Za vita ya pili huwa nzito zaidi, na nyingine zimegongwa M43, yaani muundo wa mwaka 1943. Miaka hiyo ni ya kalenda yetu ya kawaida, haina mtego.

Mtego uko kwenye kisu cha Nepali yenyewe. Nepali huandika kwa herufi za Kidevanagari na ina kalenda yake, Bikram Sambat, iliyo mbele ya yetu kwa miaka 56 na miezi kadhaa. Mwaka wao mpya huingia katikati ya mwezi wa nne. Basi kisu kilichoandikwa 1980 si cha wakati wa Mobutu. Ondoa 57 upate 1923, au 1924 kama kiliandikwa katika miezi ya mwisho ya mwaka wao. Kuna mtego wa pili. Kabla ya Bikram Sambat kushika, Nepali ilitumia sana kalenda ya Saka, ambayo iko nyuma ya yetu kwa miaka 78. Sarafu zao zilitumia Saka mpaka kama mwaka 1911. Kwa hiyo 1800 ya Saka ni 1878 yetu, wakati 1800 ya Bikram ingekuwa 1743. Tofauti ni miaka 135, na bei hufuata tofauti hiyo.

Hata tarakimu zenyewe hudanganya jicho. Moja ya Kidevanagari inafanana na 9 yetu. Nne yao inafanana na 8. Mtu asiyejua husoma mwaka ambao haukuwepo, kisha hujenga hadithi nzima juu yake.

Juu ya mwaka huwa kuna neno Shri, la heshima, likifuatwa na namba. Hili ni jambo zuri kulijua. Mfalme wa Nepali aliitwa Shri mara tano, na kwa kifupi waliandika Shri 5. Lakini kuanzia 1846 mpaka 1951 madaraka ya kweli yalikuwa mikononi mwa ukoo wa mawaziri wakuu, Warana, walioanza na Jung Bahadur. Hao walijiita Shri 3. Kukuri ya jeshi yenye Shri 3 ikifuatwa na jina Bir inaelekea kwa Bir Shamsher, aliyetawala 1885 hadi 1901. Jina Chandra ni la 1901 hadi 1929, Juddha ni la 1932 hadi 1945. Kisu kinaweza kukosa mwaka kabisa, na bado jina la mkubwa likakipa umri wake.

Visu hivyo vya serikali ya Nepali vilikuwa adimu sana nje ya nchi mpaka mwaka 2003. Mwaka ule wafanyabiashara wa silaha za kale kutoka Marekani walinunua ghala zima la zamani la jeshi huko Kathmandu, katika jumba la Lagan Silekhana. Ndani kulikuwa na bunduki, mizinga, na makumi ya maelfu ya kukuri zilizolala vumbini, nyingi zikiwa na maandishi ya vikosi. Kwa siku chache kitu kilichokuwa cha nadra kikawa cha kuagizwa kwa posta. Tangu hapo mtu hawezi tena kusema kwamba kukuri yenye maandishi ya Kirana lazima ilibebwa na babu fulani vitani. Huenda ililala ghalani miaka 100 bila kumuona adui.

Kwa zile za watalii, maneno machache yanatosha. Mpini wenye kichwa cha simba cha shaba ya manjano ni wa kupamba ukuta. Neno INDIA lililogongwa kwenye bapa ni la biashara ya nje, si la jeshi. Mgongo wa kisu cha kazi huwa mnene, mara nyingi milimita 8 hadi 10 karibu na mpini. Bati linalotikisika si kukuri ya mtu.

Chuma chenyewe nacho kinasema, ila kwa sauti ndogo. Bapa la zamani likitazamwa mgongoni huonyesha mistari na nyufa nyembamba, alama za chuma kilichokunjwa na kufuliwa kwa mkono. Wahunzi wa leo wa Nepali hutumia zaidi springi za malori yaliyochakaa, kama wahunzi wengi wa Afrika. Jambo ambalo halijabadilika ni kutia maji. Mhunzi hachovyi bapa lote. Huchukua birika na kumimina maji taratibu juu ya makali tu, na mgongo ukapoa wenyewe. Makali yanakuwa magumu, mgongo unabaki mlaini usivunjike. Ukipitisha tupa sehemu zote mbili utasikia: kwenye makali inateleza, kwenye mgongo inakula chuma. Kisu cha kiwandani kilichokatwa kwenye bati hakina tofauti hiyo.

Kuhusu mahali hasa ndani ya Nepali, umbo ndilo linaloongoza. Bapa jembamba kama jani la majani ya siru huitwa sirupate. Lile lenye tumbo nene linaitwa bhojpure, kwa jina la wilaya ya Bhojpur, mashariki. Dharan, mashariki vilevile, ilistawi kwa kazi hii kwa sababu Waingereza walikuwa na kambi ya kuandikisha askari hapo. Lakini wahunzi huhama na mitindo huigwa, hivyo jina la umbo ni dalili tu. Anayeapa kwa wilaya bila maandishi anabahatisha.

Na wahunzi hao ni akina nani? Wengi wao ni Wakami, tabaka ambalo sheria kuu ya Nepali ya mwaka 1854 iliiweka kati ya watu wasioguswa. Mkami hakuruhusiwa kuingia hekalu wala kugusa maji ya watu wa tabaka la juu. Siku ya Dashain silaha na vyombo huwekwa mbele ya mungu na kupakwa rangi nyekundu, na kisu cha Mkami kikapata heshima ambayo yeye mwenyewe alinyimwa. Sheria ya mwaka 1963 iliondoa utengano huo kwenye karatasi, na mwaka 2011 ikabidi itungwe sheria nyingine ya kuwaadhibu wanaoundeleza. Hii inaeleza kwa nini kukuri nyingi zina jina la waziri, la kikosi, na namba ya askari, wala hazina jina la aliyezifua. Baadhi ya Wakami waligonga alama ndogo yao, nukta au kijimwezi. Alama hiyo ikionekana isipuuzwe, maana kwa kawaida ndiyo saini pekee ya mtengenezaji.

Yakijulikana hayo, kukuri iliyopatikana huku inaweza kuulizwa ilipitia mlango gani, kwa sababu milango si mingi. Mwezi wa 11 mwaka 1914 Wanepali walikuwa kati ya askari wa Kashmir waliotua Tanga pamoja na Waingereza na kurudishwa baharini na Wajerumani. Vita hiyo hiyo ndiyo iliyowapeleka Wakongo wa Force Publique mpaka Tabora mwaka 1916. Kati ya 1944 na 1945 hospitali ya vita ya Wakongo ilihudumia majeruhi Burma, katika jeshi lililokuwa na Wagorkha wengi. Ilikuja Katanga ya 1961. Na tangu miaka ya 2000 batalioni za Nepali yenyewe zimekaa Ituri katika MONUC na baadaye MONUSCO. Kisu cha Burma kitarajiwe kuwa na chapa za India ya kikoloni na mwaka wa vita. Cha Katanga kitakuwa cha jeshi la India, kilichofuliwa kabla ya 1961. Kikiwa na maandishi ya Shri 3 Chandra, hadithi ya Katanga inakuwa nzito kuiamini. Cha Ituri kinaweza kuwa kipya kabisa, kimeng'arishwa na kubandikwa juu ya ubao wenye jina la batalioni, kwa kuwa vikosi hivyo hupenda kutoa kukuri kama zawadi ya kuagana. Hicho si cha kudharauliwa. Miaka 50 ikipita, ule ubao utakuwa na thamani kuliko bapa.

Ala nayo isitupwe. Huwa ni mti uliofunikwa ngozi, na nyuma yake kuna mifuko ya visu viwili vidogo: karda, cha kukata vitu vidogo, na chakmak, kisicho na makali, cha kunolea na kuwashia moto. Mara nyingi ndivyo hupotea kwanza. Ala yenye visu vyake viwili vinavyofanana na kikubwa kwa mpini na kwa chuma ni dalili kwamba seti haijachanganywa.

Kosa linaloharibu zaidi hutokea kabla hata mnunuzi hajafika: mtu anachukua mchanga au msasa na kukisugua kisu king'ae. Kutu inaondoka pamoja na kishale, mwaka, na Shri zote tatu. Mafuta kidogo na kitambaa vinatosha. Maandishi yakionekana kwa shida, yaangaziwe taa kwa pembeni na kupigwa picha kwa simu, pande zote mbili za bapa, mgongoni na kwenye kitako cha mpini, kabla kisu hakijatoka mikononi mwa familia.